Mlango Ulipozibwa kwa Nje

Juzi tulikuwa tukingoja kuhuishiwa ikama, kibali cha ukaazi, katika ofisi moja mtaani Olaya, huku ughaibuni. Runinga ilionyesha wakubwa wakibishana juu ya mkataba wa nyuklia na Iran. Dada Mkenya aliyekaa kando yangu, mfanyakazi wa nyumbani, akaniinamia.

"Madam wangu anaogopa bomu," akasema. "Jana tulifanya mazoezi. Familia yote iliingia chumba kimoja."

"Na wewe?"

"Mimi nilibaki nje, nikaziba mlango kwa utepe ili hewa ya sumu isiwafikie. Nyumba ikanyamaza kabisa. Baadaye wakagonga: 'Halas, yatosha, fungua!'"

"Ukafungua?"

Alitazama vidole vyake. "Nilifungua. Lakini kwanza nilikaa chini, nikawasikiliza wakigonga."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Nami, sijui kwa nini, nikasogeza kiti changu mbali naye kidogo.