Kijiti Juu ya Paa la Zege

Zege lililopigwa jua mchana kutwa, halafu likanyeshewa ghafla, lina harufu yake. Nikiinusa popote nilipo najikuta nimerudi juu ya paa letu kule Musoma, nakimbizana na mvua kuokota michembe ya viazi kabla haijalowa. Paa letu lilikuwa bapa. Nyumba zote za kota za kiwanda cha nguo zilikuwa hivyo: visanduku vyeupe vimepangwa mteremkoni kutazama ziwa, dirisha la vioo vya luva kutoka ukuta hadi ukuta, tofali za matundu upande wa jikoni ili moshi ujitokee wenyewe, na kibaraza kilichofunikwa na bapa la zege lililochomoza mbele bila nguzo hata moja. Wageni wetu wa vijijini walikataa kukaa chini yake. "Hiki kimeshikwa na nini?" waliuliza, wakasogeza viti juani. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, lakini wao hata mlango waliuogopa. Sisi watoto tulizaliwa humo, hatukuona ajabu. Nyuma kulikuwa na ngazi ya chuma ya kupandia juu. Huko mama alianika viazi na dagaa, na baba alikuwa amechimbia bomba fupi la kusimamishia waya wa redio yake.

Msimu ninaousimulia ni ule ambao king'ora cha kiwanda kiliacha kulia. Miaka ya foleni za sabuni ilikuwa imekwisha. Maduka yalijaa vitu, mitumba ilimwagwa sokoni juu ya maturubai, na nani tena angehangaika na kitambaa chetu, hata kama pamba yake ilitoka Bunda hapo jirani? Mashine moja ilisimama kwa kukosa kipuri, nyingine ikafuata. Baba, aliyekuwa fundi wa mashine za kufuma, aliendelea kwenda kazini na ovaroli iliyopigwa pasi, akashinda huko, akarudi safi kama alivyoondoka. Nadhani usafi ule ndio uliomuuma zaidi. Halafu akaugua homa, akalazwa, na asubuhi moja akafa. Nasema kwa ufupi hivi kwa sababu ndivyo habari ilivyonifikia. Nilikuwa nakunywa uji. Mama Rhobi, jirani yetu tuliyepakana naye ukuta, aliingia akiwa amejifunga khanga kiunoni, akasema, "Nyangeta, mwanangu, baba yako hatunaye tena." Nikamaliza uji wangu, nikaosha kikombe.

Walikwenda kumzika kwao, Bugwema. Mimi niliachwa. Siku zile kota haikuachwa tupu hata kwa msiba, maana mstari wa juu walikuwepo wafiwa waliorudi kutoka matanga wakakuta kufuli geni mlangoni. Mama aliniagiza nifungue luva kila asubuhi na kuzifunga jioni, ili anayepita ajue nyumba ina watu. Mama Rhobi akawa anakuja kuwasha jiko letu na kulala na mimi, na binti yake Rhobi, rika langu, akaja na mkeka wake. Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wanazika, mimi nilikuwa nafungua na kufunga luva. Sikulia. Nilingoja kulia kama mtu anavyongoja chafya, haikuja.

Kwa watu wa bibi yangu, mzaa baba, kilele cha nyumba ya nyasi husimamishwa kijiti. Mwenye nyumba akifa kijiti kinachomolewa, na hapo ndipo nyumba hujulikana haina mwenyewe, na mjane akalia kilio chake cha mwisho. Sasa Bugwema baba hakuwa na nyumba. "Alikuwaga anasema mwakani, mwakani," bibi alilalamika. Wazee wakauliza kijiti kitachomolewa wapi, naye akajibu kwamba nyumba ya mwanawe iko Musoma. Akaja na mama, akaizunguka kota yetu nzima macho yakiwa juu. "Jumba lote hili halina kichwa?" Akavua viatu, akapanda ile ngazi ya chuma mwenyewe, mama akimsihi ashuke. Huko juu akaliona bomba la redio, akachomeka ndani yake kijiti alichokuja nacho kutoka nyumbani. Alikusudia kukichomoa kesho yake mbele ya ndugu wa mjini, maana huwezi kuchomoa kisichosimama.

Ndugu hawajafika, akafika Bwana Masatu wa utawala, kufuli mkononi. "Poleni sana," alisema, na nadhani alimaanisha. "Lakini Mama Nyangeta, unaelewa, kota ni ya mfanyakazi." Alikuwa mtu wa Nyegina, amelelewa na mapadri, kanisani hakosi, lakini mila ya kijiti aliijua. Akainua macho akakiona kijiti. Akauliza polepole kama bado hakijatolewa. Bibi akasema, "Mwenye nyumba hajatoka. Njoo ufunge, kama una roho hiyo." Loo! Mtu mzima yule aligeuza kufuli mikononi kama kiazi cha moto, akasema atarudi msiba ukiisha, akaenda zake. Bibi akaketi kibarazani, chini ya zege lile lile lisilo na nguzo. Akamwambia mama, "Basi hakitoki. Na wewe usilie humu ndani. Mtu aliyesafiri haliliwi."

Na mama hakulia. Alikuwa na watoto na hakuwa na pa kwenda, akachagua nyumba. Ovaroli ya baba iliendelea kuning'inia nyuma ya mlango, na kiti chake hakikukaliwa. Mtu akija na uso wa msiba, mama alimkaribisha chai akamuuliza habari za mvua. Mioyo yetu ilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na ukikaa hivyo sana unasahau kwamba mguu ni wako. Kijiti kilipooza mama alipanda akachomeka kingine. Bwana Masatu hakurudi. Baadaye naye alipunguzwa kazi, kiwanda kikafungwa kabisa, na ulipofika wakati wa nyumba kuuzwa kwa waliomo ndani, sisi tulikuwamo. Hati ilipotoka bibi alikuwa ameshafariki. Nilimuuliza mama kama sasa tukitoe. Akasema tungoje Krismasi, tuwe wote. Krismasi zikaja zikapita.

Majirani waliponunua nyumba zao wakaanza kuzifunika kwa mabati ya mgongo, maana zege lilikuwa linavuja, nani awalaumu. Wakaziba tofali za matundu, wakang'oa luva. Sisi hatukuweka bati, kwa kuwa kijiti tungekiweka wapi? Tulivumilia mabeseni chini ya matone. Leo Rhobi ni msanifu wa majengo Mwanza, na mwaka huu aliwakusanya wakazi wa kota kuzipaka chokaa nyumba zilizobaki na kuzifanyia sherehe, ili zisibomolewe. Nyumba pekee iliyobaki kama ilivyojengwa ni yetu. Vijana waliipiga picha, wakalisifu bapa lile lililosimama bila nguzo, wakamsifu mama kwa kujua thamani ya majengo. Mama aliitikia, "Asanteni." Rhobi akanivuta pembeni. "Kwenye mchoro wa kwanza kile kijiti hakipo," alininong'oneza. "Lakini mimi siwezi kumwambia mama."

Hakuhitaji kumwambia. Mama alikuwa ameshasikia. "Panda ukitoe," aliniambia, sauti ya kawaida kabisa, kama ananituma michembe. Nikapanda. Kilitoka bila kubisha, chini kimelowa na kulainika. Niliposhuka mama alikuwa ameketi sakafuni kibarazani, miguu ameinyoosha kama mjane wa jana, analia kwa sauti, anamwita baba kwa jina ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka. Wageni waliduwaa na sahani zao za pilau. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mama Rhobi, mzee sasa, akashusha khanga yake akaingia, na wanawake wa mstari mzima wakafuata. Zamani tulikuwa na msiba tukanyimwa kulia, leo tuna nyumba hadi inasherehekewa. Mimi nilisimama katikati yao na kijiti mkononi, nikingoja na mimi nianze. Bado nangoja.