Baba Alizima Injini kwa Kila Mtu

Enzi zetu, na msinicheke, najua sijafika hata miaka thelathini na mitano, lakini mtu mwenye hasira ana haki ya kusema enzi zetu. Enzi zetu mashua mbili zikikutana majini, watu walisalimiana. Nyinyi mliolelewa huku Minnesota na wazazi waliotoka Fizi, Baraka na Uvira, kule Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, mtanielewa kabla sijamaliza. Wadogo zetu wasome pia, kama bado wanaweza kusoma Kiswahili, maana maneno haya ni yao hasa.

Tulikuwa tunakaa Anoka, nyumba ya kijani karibu na mto. Jirani yetu mzee alipohamia Apple Valley kwa binti yake, alimwachia Baba mashua yake ya bati pamoja na trela, akidhani labda Baba ataiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Hakumjua Baba. Kabla ya vita Baba alikuwa na boti ya kubeba watu na mizigo kati ya Baraka na Uvira. Tangu tufike Amerika alikuwa anasafisha korido za hospitali Minneapolis bila kulalamika, lakini sikuwahi kumsikia akipiga mluzi mpaka siku ile mashua ilipoingia uani kwetu. Aliizunguka, akaigonga huku na huku, akainama kuchungulia injini, akacheka peke yake. Watu wa kanisa walisema mzee amechanganyikiwa. Mmoja alimwuliza kama amesahau kwamba huku tulikuja kwa ndege.

Basi kila Julai, Baba akipata likizo, tulifunga trela nyuma ya gari, tukapanda mpaka Duluth, tukaishusha mashua kwenye Ziwa Superior. Kutoka hapo tulifuata pwani kuelekea Grand Marais, pole pole, tukilala kwenye hema katika ghuba ndogo ndogo. Pwani ile haina huruma. Majabali meusi na mekundu yanasimama wima kutoka majini, na juu yake kuna miti yenye maganda meupe yanayobanduka kama karatasi. Maji ya Julai ni baridi mpaka ukichovya mguu mfupa unauma. Tulikanyaga mawe ya mviringo tukiruka ruka na kupiga kelele, tukashindana kurusha yaliyo bapa, tukatafuta vijiwe vyekundu vinavyong'aa vikilowa na kufifia vikikauka. Nilikuwa na soksi nzima ya vijiwe hivyo. Mama aliwahi kuimwaga akidhani ni uchafu, nikalia kutwa.

Mama mwenyewe alikuwa haogopi kitu duniani isipokuwa maji. Alivaa jaketi la kuelea juu ya kitenge, akampakata Espoir, kitinda mimba wetu, ambaye alikuwa bado mdogo wa kunyonya, akaimba nyimbo za kanisa kuanzia tunapoondoka mpaka tunapofika. Tukitia nanga alikuwa mtu mwingine. Alisonga bugali kwenye jiko la gesi palepale kwenye mawe, sombe, kisamvu chetu, alikuwa amekuja nayo ikiwa imeganda kwenye ndoo, na samaki tulinunua kwa watu wa pwani waliowakausha kwa moshi. Baba alimla yule samaki akitikisa kichwa, akisema si mbaya, lakini hamfikii mukebuka wa kwetu. Kisha aliongeza kipande kingine. Shakwe walituibia mandazi mkononi, na hakuna aliyewahi kuwashinda.

Lakini safari zile hazikuwa za haraka, na sababu ni salamu za Baba. Akiona mashua yoyote inakuja, alizima injini. Alisimama, akavua kofia, akangoja mawimbi yatusogeze karibu, kisha akaanza kwa Kiingereza chake: hamjambo, mmetoka wapi, huko mtokako upepo ukoje, wote ni wazima? Wale wazungu kwenye mashua zao nyeupe, miwani myeusi usoni na glasi mkononi, walibaki wametoa macho. Kwao mtu anayezima injini katikati ya ziwa na kukusogelea ana matatizo. Wengi walimrushia kamba. Mmoja alituuliza mara nyingi kama tuna maji ya kunywa, na Baba, akidhani mgeni ndiye mwenye kiu, akampa chupa yetu.

Safari moja mama mmoja aliyetuona tukielea namna hiyo aliita watu wa uokoaji kwa redio. Walikuja na taa zinawaka na king'ora juu, wakatukuta Mama anagawa mandazi na Baba anajadili mawingu na mume wa yule mama. Kijana wao mmoja alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika tumbo. Mama peke yake hakucheka.

"Baba Neema, utatuaibisha mpaka lini?" alisema walipoondoka.

"Mu maji hatupitanake bila kusalimiana," Baba alimjibu. "Utajuaje mwenzako iko namna gani kama haumuulize?"

Hilo alilirudia kila kiangazi, na sisi watoto tulilisema pamoja naye, tukiiga sauti yake. Kilichotunyamazisha ni siku moja bibi mmoja mwenye mashua ya tanga alipomjibu kwamba hapana, wote si wazima huko atokako, ukungu umefunga nyuma ya jabali linalofuata na ameponea chupuchupu. Sisi tuliliona jua tu. Baba alimshukuru, akaingiza mashua kwenye ghuba ndogo. Hatukumaliza hata kufunga kamba kabla ukungu haujafika, na hatukuiona tena pua ya mashua yetu wenyewe mpaka kesho yake. Tangu hapo aliposimama kusalimia, hata Mama alipunguza sauti ya wimbo ili asikie majibu.

Miaka ikaenda. Watu wa bandari zile ndogo walimzoea Baba, wakawa wao ndio wanaozima injini kwanza. Sasa magoti yake yamechoka. Mashua anaiendesha Espoir, ambaye amekuwa kijana mrefu mwenye ndevu. Ameweka injini mpya kubwa na spika nne. Nakubali, mashua inapendeza. Safari tuliyokuwa tunaifanya kwa siku kadhaa yeye anaikata asubuhi moja, halafu analalamika kwamba huko hakuna mtandao. Hawa wadogo zetu wanazunguka pwani nzima na hawajui rangi ya jiwe moja. Ukiwauliza wamemwona nani njiani wanakuonyesha picha zao wenyewe.

Julai hii Espoir alikwenda na rafiki zake wawili, na Baba akakaa mbele, kwenye kiti chake. Mimi niliendesha gari na chakula mpaka Grand Marais nikawangoje. Niliwasikia kabla sijawaona, muziki wao ulivyokuwa unapiga. Walipofika gatini, Baba alishuka bila kumshika mtu mkono. Alikwenda kwa magoti yake mabovu mpaka mwisho wa gati, akasimama akitazama walikotoka.

"Baba ana nini?" nilimwuliza Espoir.

"Sijui, Yaya," alisema, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. "Amekasirika tu. He's being dramatic."

Tulikuwa tumeshapakua chakula ilipoingia boti ya wavuvi ikivuta mashua ndogo kwa kamba. Ndani yake walikuwamo mwanamume, mwanamke na mtoto wa kike wa umri wa kuanza shule. Walikuwa wamelowa chapa chapa. Midomo ya yule mtoto ilikuwa ya bluu, na mama yake alikuwa anamsugua mgongo bila kuacha. Injini yao ilizimika, upepo ukawa unawasukuma kwenye majabali, wakakaa wakichota maji kwa ndoo mpaka wavuvi walipotokea. Baba alivua kofia, akawaendea. Nilimfuata na blanketi.

"Nisameheni," aliwaambia kwa Kiingereza. "Nilikuwa kwenye mashua iliyowapita."

Yule mwanamume alikuwa amechoka hata kukasirika. Alimtazama Baba, kisha akatazama mashua yetu.

"Tuliwapungia mikono yote," alisema. "Kijana wenu akatuinulia dole gumba."

Nilimgeukia Espoir. Nilidhani atakana.

"Yaya, I swear, nilifikiri wanatusalimia tu! Baba akaanza kusema tusimame, lakini unamjua Baba, kila boti anataka tusimame. Ingekuwa emergency ningejua. And anyway, wako fine."

Wako fine. Mtoto anatetemeka mpaka meno yanagongana, na ndugu yangu wa tumbo moja ananiambia wako fine. Na bado sikuwa nimeiona video aliyokuwa amepiga njiani. Aliiweka mtandaoni siku hiyo hiyo, watu wakamimina alama za mioyo chini yake. Inaonyesha majabali, maji ya bluu, mwanamume kwa mbali anapunga mikono juu ya kichwa, na dole gumba la Espoir karibu kabisa, limejaa kioo. Ukisikiliza vizuri chini ya muziki kuna sauti ya mzee. "Espoir, simamisha! Simamisha moteri, mutoto wangu!" Anasema hivyo mara nyingi. Kisha muziki unapandishwa.

Nilimtukana ndugu yangu pale gatini kwa maneno ambayo Mama hakunifundisha, na sijutii hata moja. Video aliifuta. Baba alinyoosha kiganja, akachukua ufunguo wa mashua, akautia mfukoni. Tangu siku hiyo mashua iko uani Anoka chini ya turubai. Agosti nzima imepita, jua zuri, ziwa limetulia, na watu wa bandari wameshanipigia simu wakiuliza mzee yuko wapi. Nikimwambia nitamwendesha mimi, anasema magoti yanauma. Majira yake ya ziwa hayakubaki mengi, kila mtu nyumbani anajua, na moja kati ya hayo limeozea chini ya turubai. Hicho ndicho kinachonitoa machozi ya hasira.

Mama ananibembeleza. "Neema, weye njo mukubwa. Sema na baba yako amusamehe mutoto." Mimi huwa mwepesi wa kupatanisha watu, mnaonifahamu mnajua. Safari hii nimekataa. Sijasikia bado Espoir akiuliza yule mtoto aliamkaje.

Jumapili iliyopita tulitoka kanisani tukakaa kwa wazazi. Baba alikuwa jikoni karibu na dirisha, anakunywa chai, redio inaimba taratibu. Espoir aliingia, akavua viatu mlangoni.

"Jambo Baba," alisema.

Nyumbani kwetu salamu hiyo ina jibu moja, jambo sana, na Baba hajawahi kumnyima mtu jibu hilo, awe mdai kodi au mlevi wa barabarani. Alimtazama mwanawe vizuri. Alitabasamu. Akamwinulia dole gumba, kisha akanyoosha mkono, akapandisha sauti ya redio.

Espoir alisimama pale pale, viatu mkononi, akarudia kwa sauti ya juu zaidi, "Baba, jambo." Enzi zetu Baba angezima injini. Angevua kofia, angengoja mawimbi yamsogeze karibu, angemwuliza mmetoka wapi, na huko mtokako wote ni wazima?