Mwalimu Mkuu Alivyonipeleka Mnadani

Siku ile ilinigharimu nauli ya bodaboda, elfu kumi niliyoishusha hadi elfu sita, na shati jeupe la vikaoni. Shati halikushuka bei.

Halmashauri ilikuwa imetupanga madiwani: kila mmoja amfuate mwalimu mkuu mmoja wa kata yake tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, aone kazi yenyewe. Mimi kabla ya udiwani nilikuwa dalali wa ng'ombe huku upande wa Geita. Nilidhani nitakaa ofisini nikinywa chai ya rangi huku mama wa watu akigonga mihuri.

Ilikuwa Jumatano, siku ya mnada, na darasa la saba walikuwa na mtihani wa majaribio. Mwalimu mkuu akawahesabu mstarini, akawahesabu tena. Nikamheshimu palepale; hata sisi wa ng'ombe huhesabu mara mbili.

"Binti mmoja hayupo. Babake anauza mafahali leo. Twende, Mheshimiwa."

"Mtihani saa ngapi?"

"Saa nne. Panda bodaboda."

Mnadani tulimkuta binti ameshika kamba za mafahali wawili, babake akivutana bei na mnunuzi wa Isaka. Nikaona hapa ndipo kwangu.

"Shikamoo, mzee. Mwachie binti akafanye mtihani, nami nakutafutia mnunuzi bila udalali."

Akanitazama kuanzia viatuni. "Marahaba. Ongeza na chanjo."

"Chanjo ya mmoja."

"Wote wawili. Na chumvi."

Kufumba na kufumbua mtoto alikuwa na bei, na ilikuwa inapanda.

Mwalimu mkuu akanisogeza kwa kiwiko, akapiga magoti vumbini kama mama wa Kisukuma anavyomsalimu mkubwa. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwalimu."

Akaulizia mvua, akaulizia pamba, akamuulizia bibi aliyelazwa hospitali ya Kolandoto. Mimi natazama saa, jasho linanitoka. Ndipo akasema, "Baba, asubuhi nimehesabu kundi langu, nimepungukiwa mmoja. Nyayo zimenileta hapa."

Huku kwetu, mtu anayefuata nyayo za mnyama wake aliyepotea hapangiwi bei. Anaonyeshwa njia; ukimdai chochote, aibu itawafikia wajukuu zako. Mzee akacheka kicheko cha mtu aliyeshindwa kihalali.

"Mwalimu, wewe umefugia wapi?"

"Pale shuleni, baba. Kundi kubwa, na wote wanakula mchana."

"Haya, mchukue. Lakini kamba nani atashika?"

Wakanigeukia wote wawili.

"Mheshimiwa," alisema mwalimu mkuu, binti tayari yuko nyuma yake kwenye bodaboda, "huyo fahali mweusi usimguse mgongo, binti anasema anapiga teke."

Binti aliingia darasani kabla karatasi hazijagawiwa. Mimi nilishika kamba hadi adhuhuri, shati jeupe likigeuka rangi ya samadi, wapiga kura wakipita. "Diwani, na wewe unauzwa?" Nikawajibu kwamba bei yangu bado haijafikiwa.

Udalali ulinifundisha kumtazama mtu na kujua bei yake itashukia wapi. Yule mwalimu nilimtazama mara mbili, sikuona pa kushukia. Na alisema kila Jumatano huwa hivyo.

Sasa mtihani wenyewe wa taifa nao umeangukia siku ya mnada. Mzee amenipigia simu kuuliza nitafika saa ngapi, na amewaambia wenzake. Wazazi watano wameshaniweka kwenye hesabu zao, mmoja ana mbuzi. Ninyi mliowahi kuongoza watu na mifugo kwa pamoja, nishaurini: kamba ngapi zinamtosha diwani mmoja?