Dakika Tatu za Friji

Niliichomoa mwenyewe gadi ya friji, kwa mkono wangu huu, nikiwa na akili zangu timamu. Gadi ni kile kiboksi kinachokaa baina ya friji na ukuta. Stima ikipotea ikarudi, kiboksi huwasha taa ya manjano, kikakaa kimya kwanza. Siku hiyo nilitaka maji baridi, nikakiona kinanichezea. Nikakitoa, nikachomeka friji moja kwa moja ukutani, nikajipongeza. Fizikia tuliisoma hadi kidato cha nne, bwana.

Adhuhuri stima ikakatika, ikarudi kwa kishindo. Friji ikatoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa, ikanyamaza. Ndani mlikuwa na chupa za juisi ya ukwaju za mke wangu, ambazo huziuza Ukunda.

Aliporudi aliuliza swali moja tu: "Nani amechomoa gadi?"

Mimi hujibu kabla ya kufikiri. Mdomo wangu hutangulia, mwenyewe nikaufuata nyuma nikitweta. Nikasema, "Friji yenyewe nzee, inalalamika kama mamako."

Juisi ziliharibika jioni. Mke wangu hakuingoja jioni. Alichukua mkoba akaenda kwa mamake huyo huyo, Msambweni.

Siku ya pili fundi alifungua friji kwa nyuma, akatoa kidude kilichoungua kikawa cheusi kama mkaa, akatia kipya. Akaniuliza kilichotokea. Nikamwambia niliikuta hivyo.

Akanitazama. "Kila friji ya hapa Mwabungo ilikutwa hivyo. Sijapata kumwona aliyeigusa." Kisha akairudisha gadi mahali pake. "Stima ikirudi, hurudi na wazimu. Hii hungoja dakika tatu wazimu upite, ndipo ikafungulia."

Alipoondoka nilikuwa nimekwisha kata shauri: na mdomo wangu utiwe gadi. Mtu akisema neno, dakika tatu kwanza. Nikatundika saa ya ukutani barazani, mbele ya cherehani. Mimi hushona hapo hapo nyumbani. Sababu za kutoka huwa nazitafuta nikazikosa.

Wa kwanza alikuwa mzee aendaye msikitini. "Asalaam aleikum." Nikaitazama saa. Akangoja, akakohoa, akaenda zake. Dakika ya tatu ilipotimia alikuwa keshafika kwenye kona. Nikasimama, nikapaza sauti: "Wa aleikum salaam!" Mzee aliruka, kofia ikamwanguka.

Kisha akaja mteja. "Kanzu yangu tayari?"

Kimya.

"Imeungua?"

Kimya.

"Ni pasi, eeh? Sema tu, ndugu yangu, nitastahamili."

Dakika ya pili alikuwa keshanisamehe. Ya tatu nikampa kanzu yake nzima, imekunjwa vizuri. Akaondoka amekasirika.

Siku ya nne ya gadi ya mdomo, mke wangu akapiga simu. Niliingoja simu hiyo hadi usingizini. "Una la kuniambia?" akauliza.

Nikaangalia saa.

"Haloo? Haloo! Haya. Kesho naja na pikapu kuichukua friji yangu." Akakata. Zilikuwa zimebaki sekunde hamsini.

Jirani yangu, mama mmoja wa bara afanyaye kazi ya kufua hotelini Diani, alikuwa akianika shuka zake, na ukuta wetu ni mfupi. "Wewe, umepigwa na stroki ama ni nini?"

Nikamweleza habari ya gadi. Yaani, alimaliza kuanika kwanza, ndipo nikamweleza. Alicheka hadi akaishika kamba ya nguo.

"Sawa, gadi hungoja," akasema. "Lakini ikimaliza kungoja si huleta stima? Wewe umengoja siku nne, umeleta nini?"

Nikaitazama saa, safari hii bila kuhesabu. Dakika zote zile nilikuwa nikizihesabu tu. Hata moja sikuitumia kutafuta la kusema. Fundi aliitibu friji kwa kuwa alipaona palipoungua. Mimi hata yeye nilimdanganya.

Kesho yake pikapu ikaja kweli. Mke wangu akateremka, akasimama mlangoni, akaisikia friji ikivuma.

"Imetengenezwa. Fundi ulimwambia nini?"

Nikaipa saa mgongo. "Kwamba niliikuta hivyo. Nami ndiye niliyeichomoa gadi. Na mama nilimtukana ili usiniulize tena. Nisamehe."

Mke wangu akamwambia dereva arudi zake, akauteremsha mkoba wake, akanitwika mimi.

Jirani alikuwa ameegemea ukuta na beseni lake, hakuna alilolikosa. Akamwambia mke wangu, "Dada, si ungebeba tu friji? Hiyo ikiharibika iko na fundi."