Nilimtwika Raya Harufu Yangu

Jamani, wa kulaumiwa ni mimi. Wala simsingizii shetani, maana ulimi ulikuwa wangu na kikwapa kilikuwa changu.

Tangu kuvunja ungo natokwa na jasho kama mtu aliyemwagiwa maji. Nguo inaota alama nyeupe kwapani, na harufu inapanda hata nikiwa nimetoka kuoga sasa hivi. Nilikuwa najipulizia marashi juu ya jasho. Lo! Vikichanganyika, bora ingebaki harufu peke yake.

Kabla sijaolewa nilikuwa nashona nguo Tibirinzi, hapa Chake Chake, pamoja na shoga yangu. Nitamwita Raya. Chumba kidogo, feni moja, cherehani mbili.

Adhuhuri moja Raya alitoka kwenda kusali. Akaingia mama mmoja mwenye heshima zake, anataka kupimwa gauni. Nilijua fika kilichomleta. Mwanawe alikuwa akiniulizia, naye kaja kunitazama. Nikainua mikono nimpime mabega. Mama akarudi nyuma, mtandio puani.

"Mna nini humu ndani, mwanangu?"

Moyo ulinilipuka! Nikaiona ndoa inaondoka. Nikamnong'oneza, "Tusamehe, Bi. Ni mwenzangu, ana maradhi ya kikwapa. Katoka sasa hivi. Namvumilia tu."

"Masikini! Na wewe una subira, mwanangu."

Astaghfirullah! Nikasifiwa subira!

Posa ikaja. Maneno nayo yakatembea. Wateja wakiingia wanamtupia Raya jicho, kisha wanaziba pua. Siku moja akaacha kushona, akanigeukia.

"Wanasema nanuka. Na wanasema umesema wewe. Kweli?"

Nikainamia cherehani.

"Miaka yote hii," akasema taratibu, "ukiingia wewe, mimi ndiye ninayefungua dirisha. Hata mama yangu sijamwambia."

Akachukua mkasi wake, akaondoka. Hakurudi tena.

Nikaolewa, nikahamia kwa mkwe. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua kufungwa bila ya jela! Naamka kabla ya mume wangu nikaoge. Najisugua shabu na ndimu mpaka kwapa zinawaka moto. Harusini wenzangu wanapiga makofi, mimi mikono nimeibana mbavuni. Hospitali siendi, maana mkwe atataka kunisindikiza na atauliza naumwa nini.

Mwishowe nilizua maumivu ya kichwa, nikenda kituo cha afya peke yangu. Nesi hata hakushangaa.

"Wanaokuja na hili ni wengi, dada. Oga kwa sabuni, jikaushe vizuri, vaa pamba. Na hii dawa jipake usiku, kwapa zikiwa kavu. Marashi hayaondoi jasho."

Basi! Haikupita muda harufu ikaondoka. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa dogo hivyo!

Nikadhani nimeokoka. Wapi!

Juzi mkwe wangu alipata wageni, wanawake wawili. Wanataka kumposea kijana wao, wakaja kumuuliza habari za binti. Binti mwenyewe ni Raya.

"Adabu anayo," mkwe akasema, "lakini ananuka. Muulizeni mkaza mwanangu huyu, kafanya naye kazi."

Macho yote kwangu, na mimi nimeshika sinia la kahawa. Nikisema kweli, mkwe atajua nimeingiaje nyumba hii. Nikisema uongo, namzika Raya mara ya pili.

Nikatazama chini. Nikasema, "Siku hizi sijui yukoje."

Wakaelewa walivyoelewa. Wakamaliza kahawa, wakaaga. Posa haikwenda.

Namba ya Raya ninayo. Naibonyeza, kisha naikata kabla haijaita. Mume wangu akiniambia nanukia vizuri, nageuza uso ukutani.

Wasichana, nawaombeni! Ukinuka, nenda ukatibiwe. Ukiona haya, mwambie shoga yako, huenda anajua zamani na bado anakupenda. Usimtafute wa kumtwika aibu yako! Na kama umeshasema uongo, ufute leo leo, ungali mdogo. Wangu mimi umeshaolewa, una mkwe, na sasa una mtoto tumboni.