Kilio Hakiazimwi

Soko la Kiboriloni likifunguliwa asubuhi, sauti ya kwanza kusikika ni ya Mwantumu, na mwenyewe pengine bado amelala. Inatoka kwenye kipaza sauti cha betri kilichofungwa juu ya rundo la mitumba la Mama Salvina: "Njoo uchague mwenyewe, usichaguliwe! Nguo za watoto, elfu moja tu!" Inarudia hivyo mpaka magharibi. Ukisogea kidogo utaikuta tena kwenye viatu, tena kwenye mashuka, tena kwenye mapazia.

Katikati ya makelele hayo hukaa baba yake, mzee Abdulkarim, fundi cherehani. Kazi yake ni kupunguza makoti na suruali za mitumba zimwenee mtu wa Moshi, na ameifanya miaka thelathini. Wenzake walimtania bila huruma. "Meku," Mama Salvina alimwita, kama Wachagga wanavyomwita mzee, "sikiliza digrii yako inavyoita wateja!" Mzee alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, akajifanya hasikii.

Maana Mwantumu ana digrii ya muziki, tena ya chuo kikuu, si ya kuokota. Alipochagua somo hilo, ndugu walikaa kikao bila kualikwa. Shangazi Rukia aliuliza ni serikali gani inayoajiri waimbaji. Mwantumu akamjibu kwamba wahasibu nao wanazunguka mjini na bahasha za kaki, basi bora akose kazi anayoipenda. Walisema ana kiburi. Kiburi hicho alikifunga pamoja na nguo zake, akaenda nacho chuoni.

Na kazi aliikosa kweli, tusidanganyane. Alifundisha nyimbo shule ya chekechea mpaka mwenye shule akagundua kwamba flashi yenye nyimbo haidai mshahara. Akaimba na bendi ya hoteli mpaka watalii wakaadimika. Akarudi nyumbani kukaa. Ndipo Mama Salvina, aliyekauka koo kwa kuita wateja, akamwomba amrekodie tangazo. Mwantumu alilifanya kama mtihani: akapima pumzi, akaweka kituo pale sikio linapotaka kupumzika, ili mtu alisikie mara mia asichoke. Vibanda vingine vikafuata.

Siku moja akaja Ronald, mwenye studio mtaa wa Soweto, hapohapo Moshi, inayoingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni. Alikuwa anatafuta mablanketi mazito ya kuzibia kuta. Akasimama na blanketi begani, hanunui wala haondoki.

"Aisee, anayeita hapa ni nani?"

"Muulize yule fundi," alisema Mama Salvina. "Ni wake."

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha uani chenye paa la bati. Mvua ikinyesha, kazi inasimama. Mwantumu alipewa sauti za umati: majirani, wauguzi, wauza samaki. Lakini kuna jambo alilowashinda wote. Maneno yetu ni marefu, na mdomo wa mgeni kwenye runinga hufunga mapema, sauti ikabaki inaning'inia. Yeye alihesabu mapigo kama kwenye wimbo, akapunguza hapa, akavuta pale, mdomo na neno vikafunga pamoja. Hilo hakujifunza sokoni.

Mhusika mkuu, mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea, alipewa Hilda, mrembo kutoka Dar mwenye wafuasi laki tatu mtandaoni. Hilda alisoma vizuri. Kulia ndiko kulikomshinda. Alilia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Ronald akamwomba Mwantumu "asaidie kidogo". Akasaidia. Vipindi sita Hilda alisema, Mwantumu akalia, na mwishoni jina likaandikwa moja tu, la Hilda. Mwantumu alijiambia kazi ni kazi, lakini moyoni iliuma.

Kipindi cha saba, yule mama analetewa maiti ya mwanawe. Jioni ya kuamkia kukirekodi Mwantumu alimweleza baba yake yote, mzee akiwa anafunika cherehani. Mzee akachukua koti, akaligeuza, akamwonyesha lebo ndani ya kola.

"Koti hili nimelifumua lote nikalishona upya. Mwenye nalo akiulizwa, atataja jina hili la Ulaya. Miaka thelathini, mwanangu, jina langu halipo kwenye nguo hata moja, na sikuwahi kuuliza. Wewe usinifuate."

Kesho yake Hilda alisema maneno yake, na Ronald aliponyoosha kidole kuashiria kilio, Mwantumu alivua visikilizio masikioni.

"Silii."

"Unasemaje?"

"Anayelia ndiye anayesema. Nipe mama mzima, vile vipindi sita nitavirudia kwa siku tatu. Unajua naweza. Kama hutaki, lieni wenyewe."

"Hilda ana wafuasi laki tatu!"

"Waje walie wao."

Ronald alikasirika, akamwonyesha mlango. Mwantumu akabeba mkoba wake. Alipofika getini aliogopa, aliogopa sana. Mbele yake kulikuwa na vipaza sauti vya betri na kikao kingine cha ndugu. Hata hivyo hakugeuka. Kutoka ndani alimsikia Hilda akijaribu kile kilio, mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu kikaishia katikati.

"Mpe, bwana," Hilda alisema kwa sauti ya kuchoka. "Hata mimi naona aibu."

Ronald akatoka, akaangalia wingu lililokuwa linashuka kutoka mlimani, kisha akamwangalia yeye.

"Rudi kabla mvua haijatuwahi. Mwishoni niandike jina gani?"

"Mwantumu Abdulkarim. La baba usilikate."

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, mzee Abdulkarim alikwenda mkahawa wenye runinga, akaagiza chai, akakataa kuhama kiti mpaka majina yapite. Yalipita haraka. La kwao aliliona.

Asubuhi iliyofuata Mama Salvina alifuata suruali aliyoipeleka kupunguzwa. Akaigeuza, akakuta kiunoni kipande cha kitambaa cheupe kilichoshonwa kwa uzi mwekundu: ABDULKARIM, KIBORILONI.

"Meku, hii nini tena?"

Mzee hakuinua kichwa.

"Jina langu. Asiyelitaka, avue."