Kanyange na Ukuta wa Chumba cha Kulia

Mujukuu wangu Kanyange alitoka Nyamitaba akaenda kusoma filozofia kwenye institut moja ndogo ya Walikale, yenye wanafunzi makumi tatu tu. Sisi wachungaji wa ngombe, muntu mwenye heshima hafungui kinywa kukula mbele ya wageni. Basi katika chumba cha kulia, Kanyange alikuwa anageukia ukuta na sahani yake ya bugari.

"Muangalie malkia, muke wa mwami!" wenzake walicheka. "Sisi tunamunukia. Ee ukuta, umeshiba?"

Miezi mitatu, hakuna mumoja aliyekaa karibu naye. Alikonda mpaka, nawaambia kweli, siku ya upepo alitia mawe mbili mufukoni asirushwe mpaka Bisie. Darasani walifundishwa juu ya urafiki, na ni yeye njo alipata pointi za juu, yeye asiye na rafiki.

Akanipigia telefone. "Koko, nimefunga mizigo. Kesho narudia nyumbani."

"Rudia, mama. Ule ukuta tu njo utalia."

Kesho yake saa sita, alienda kukula mara ya mwisho. Aurélie, binti wa walimaji wa maharagi wa Kashuga, akavuta kiti chake karibu na Kanyange, naye pia akageukia ukuta.

"Dada, huku kuna nini ya kuona?"

"Hakuna kitu."

"Basi sogea kidogo, nami nione."

Kanyange akasogea, wakakula wote wawili. Siku ile Kanyange hakupanda gari. Lakini mizigo aliiacha imefungwa mpaka siku ya yenga, siku ya kusali.